Pete ya Askofu Mkuu: Jinsi Sayansi Inavyohoji Dhahabu na Kito

Mwaka 1968, katika kanisa kuu la mji wa York, kaskazini ya Uingereza, lilifunguliwa kaburi la mtu aliyekuwa amelala humo kwa zaidi ya miaka mia saba. Wakati huo kanisa lilikuwa katika matengenezo makubwa, kwa kuwa misingi ya mnara wake wa kati ilikuwa imeanza kuelemewa na uzito. Aliyezikwa alikuwa Walter de Gray, Askofu Mkuu wa York tangu mwaka 1215 hadi alipofariki mwaka 1255, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtunza mhuri mkuu wa Mfalme John. Chini ya sanamu yake ya mawe palionekana kifuniko cha jeneza kilichochorwa kwa rangi sura ya Askofu mwenyewe. Ndani ya jeneza, pamoja na mifupa yake, kulikuwa na fimbo yake ya uaskofu, kikombe na sahani ya misa, na pete ya dhahabu iliyopachikwa kito cha rangi ya samawati.

Pete huenea katika kiganja cha mtoto, lakini maswali yake ni mazito. Je, dhahabu hii ni safi kwa kiasi gani? Kito hiki ni yakuti ya kweli, au ni kipande cha kioo kilichotiwa rangi? Kilitoka nchi gani? Nayo pete ilitengenezwa lini? Makala haya yanakusudia kueleza njia ambazo wanasayansi hutumia kujibu maswali hayo juu ya pete za namna hii. Msomaji akumbuke tangu mwanzo kwamba mtafiti wa vitu vya kale hufungwa na sharti moja ambalo mwanafunzi wa kemia halijui: haruhusiwi kuharibu sampuli yake. Chumvi ikimwagika, mwalimu atatoa nyingine kabatini. Pete ya mwaka 1255 ikikatwa, hakuna kabati lenye nyingine.

USHAHIDI WA MAHALI

Kabla ya kuwasha chombo chochote, mtaalamu huuliza pete ilikutwa wapi, na pamoja na vitu gani. Kaburi la de Gray lilitiwa maiti yake mwaka 1255. Kwa hiyo, bila ya kupima chochote, twajua kwamba pete yake haikutengenezwa baada ya mwaka huo. Hata hivyo ushahidi wa namna hii huweka mpaka wa upande mmoja tu. Pete yaweza kuwa ya kale kuliko mvaaji wake, na kito chaweza kuwa cha kale kuliko dhahabu inayokishika, kwa sababu masonara wa Zama za Kati walizoea kung'oa vito katika mapambo ya zamani na kuvipachika katika mapya.

Sasa tuchukue pete ya pili, inayofanana na hiyo kwa kila hali, lakini iliyochimbuliwa usiku na kuuzwa kwa siri. Dhahabu ni ile ile, na kito ni kile kile, lakini tarehe imepotea. Kipimo cha kaboni, ambacho hutuambia umri wa mkaa na mifupa, hufaa tu kwa vitu vilivyopata kuwa na uhai. Dhahabu haikupata kuwa na uhai. Basi aliyeitoa pete ardhini bila ya kuandika mahali ilipolala amefuta ukurasa ambao maabara haiwezi kuuandika upya.

NENO YAKUTI NA KEMIA YAKE

Kiswahili kilipokea neno yakuti kutoka Kiarabu. Katika vitabu vya kale vya Waarabu, yakuti iliweza kuwa nyekundu, ya manjano, au ya samawati. Rangi zilitofautiana, jina likabaki moja. Watu wa Ulaya walitumia majina mawili mbalimbali kwa ile nyekundu na ile ya samawati, kana kwamba ni mawe ya jamaa mbili. Kemia ya siku hizi imethibitisha kuwa jina moja ndilo lililokuwa sahihi. Yakuti zote ni madini yaitwayo korundi, yaani muungano wa alumini na oksijeni katika umbo la fuwele. Korundi iliyo safi kabisa haina rangi. Ikiingiwa na kromi kidogo huwa nyekundu. Ikiingiwa na chuma pamoja na titani huwa ya samawati. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, pungufu ya sehemu moja katika mia.

Rangi, basi, ni shahidi dhaifu. Katika taji la wafalme wa Uingereza limo jiwe kubwa jekundu ambalo kwa karne nyingi liliitwa yakuti, na hata leo bado linaitwa kwa jina hilo. Jiwe hilo kwa hakika ni spineli, madini ya jamaa nyingine kabisa, yenye magnesi, alumini na oksijeni. Jicho lilidanganyika kwa sababu spineli nyekundu hutiwa rangi na kromi, kama yakuti nyekundu.

Kwa nini maaskofu walipenda yakuti samawati? Pete ilikuwa alama ya cheo chao, na rangi ya mbingu iliafikiana na kazi yao. Tena watu wa zama hizo waliamini kwamba mawe yana nguvu za kutibu na kukinga. Marbode, Askofu wa Rennes katika Ufaransa, aliyefariki mwaka 1123, alitunga shairi refu kwa Kilatini juu ya sifa za mawe, nalo lilinakiliwa na kusomwa sana. Kwa hiyo mtu aliyedanganywa kwa kuuziwa kioo hakupoteza mali tu, bali alijiona amepoteza na kinga yake. Haja ya kutofautisha jiwe la kweli na la uongo ni ya kale kama pete zenyewe.

KUPIMA KWA MAJI

Njia ya kwanza isiyodhuru ni kupima msongamano, yaani wingi wa maada uliomo katika kila sentimeta moja ya ujazo. Archimedes alionyesha zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kwamba kitu kilichozamishwa majini hupungukiwa na uzito ulio sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Sentimeta moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Basi tukijua uzito uliopungua, twajua ujazo wa kitu, hata kama umbo lake ni la kutatanisha kama pete.

Mtu aliyeiendeleza njia hii kwa vito ni al-Biruni, mtaalamu aliyezaliwa Khwarizm, Asia ya Kati, mwaka 973. Katika kitabu chake juu ya vito na madini alieleza mawe na nchi yanakotoka. Naye aliunda chombo cha kupimia maji yaliyosukumwa na jiwe. Kwa metali aliifanya dhahabu kuwa kipeo cha kulinganishia. Kwa vito alichagua yakuti samawati. Vipimo vyake vyakaribiana sana na vya maabara za leo, naye alijua tayari kuwa lile jiwe jekundu ambalo sisi twaliita spineli si yakuti.

Tazama tarakimu zifuatazo, ambazo ni gramu kwa kila sentimeta moja ya ujazo:

Dhahabu safi: 19.3
Fedha: 10.5
Shaba: 8.9
Yakuti: 4.0
Spineli: 3.6
Tanzanaiti: 3.35
Kwatzi: 2.65
Kioo cha kawaida: 2.5

Mwanafunzi atadhani sasa kwamba kazi imekwisha: tuitie pete majini, tupate jibu. Lakini pete yenye kito si kitu kimoja, ni vitu viwili. Tufanye mfano. Pete ina gramu 8.00 hewani na gramu 7.26 ikiwa majini. Imepungukiwa na gramu 0.74, ujazo wake, basi, ni sentimeta 0.74 za ujazo. Tukigawanya 8.00 kwa 0.74 twapata 10.8. Mwenye haraka atasema: "Hii ni fedha iliyopakwa dhahabu!"

Amekosea, kwa kuwa amelisahau jiwe. Tuseme kito tumekipima kwa vipimo vya urefu, upana na kina, tukaona ujazo wake ni 0.30. Kama ni yakuti, kina gramu 1.20. Metali iliyobaki ni gramu 6.80 katika ujazo wa 0.44, yaani msongamano wa 15.5. Huo ni msongamano wa dhahabu ya karati 18 au karibu yake, iliyochanganywa na fedha na shaba. Lakini kama kito ni kioo, kina gramu 0.75 tu, metali ni gramu 7.25, na msongamano wake wapanda hadi 16.5. Pete ile ile, mizani ile ile, majibu mawili. Hatuwezi kuijua dhahabu kabla hatujalijua jiwe.

Tena si kila pete yafaa kuzamishwa. Nyuma ya kito masonara wa kale waliweza kuweka karatasi nyembamba ya metali ili kuongeza mng'ao, au gundi ya kukishikilia. Maji yakipenya humo, yatafanya uharibifu ambao karne saba hazikuufanya. Ndiyo maana mizani peke yake haitoshi.

USHAHIDI WA MWANGA

Masonara wa zamani walipima ugumu kwa kukwaruza. Katika kipimo cha ugumu chenye ngazi 10, almasi ni 10, yakuti 9, spineli 8, kwatzi 7, na kioo kati ya 5 na 6. Njia hii ni ya hakika, lakini huacha alama; kwa hiyo imekatazwa kwa vitu vya kale. Badala yake twatumia mwanga.

Mwanga uingiapo katika jiwe hupinda. Kiasi cha kupinda huandikwa kwa namba: kioo cha kawaida 1.5, spineli 1.72, yakuti kati ya 1.76 na 1.77. Zaidi ya hayo, yakuti huugawa mwali mmoja kuwa miwili, jambo ambalo kioo na spineli haziwezi kulifanya. Chombo cha kupimia hufanya kazi vizuri zaidi juu ya uso ulionyooka. Vito vya Zama za Kati, kinyume chake, aghalabu vilisuguliwa tu vikawa na mgongo wa mviringo; ukataji wa nyuso nyingi za kumetameta ulienea Ulaya baadaye. Kwa mawe ya mviringo hutumika njia aliyoigundua mtaalamu wa Bara Hindi, C. V. Raman, mwaka 1928, iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwanga wa rangi moja huelekezwa kwenye jiwe. Sehemu ndogo yake hurudi ikiwa imebadilika rangi kidogo, na mabadiliko hayo hutegemea jinsi atomi za jiwe zilivyopangwa. Kila madini yana mpangilio wake, kama kila mtu alivyo na alama zake za vidole. Jiwe haliguswi, wala halitolewi mahali pake.

Kisha huja hadubini. Yakuti iliyokua ardhini hubeba ndani yake nyuzi nyembamba mfano wa hariri, vipande vya madini mengine, na mistari ya rangi iliyonyooka na kukutana kwa pembe. Kioo huonyesha mapovu ya mviringo. Iko na hila ya tatu: mwaka 1902 Auguste Verneuil wa Ufaransa alitangaza njia ya kutengeneza yakuti katika tanuri. Yakuti yake ni korundi ya kweli. Msongamano ni ule ule, na mwanga hupinda vile vile. Lakini mistari yake ya kukua imepinda kama upinde. Mistari hiyo ikionekana katika pete inayodaiwa kuwa ya mwaka 1250, kesi imekwisha.

DHAHABU NAYO YAWEZA KUPOTOSHA

Kwa dhahabu, kipimo cha kale ni jiwe jeusi la sonara. Pete husuguliwa juu yake, na rangi ya alama hulinganishwa na alama za dhahabu zenye karati zinazojulikana. Mwaka 1300 sheria ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza iliamuru kwamba dhahabu isiwe hafifu kuliko kipeo cha Paris, yaani kiasi cha karati 19 katika 24.

Leo hutumika miali ya eksirei. Miali hiyo ikiipiga metali, kila elementi hutoa miali yake yenyewe, na chombo huhesabu ni kiasi gani kimetoka kwa dhahabu, kiasi gani kwa fedha, na kiasi gani kwa shaba. Kipimo huchukua dakika chache, wala hakiachi alama. Lakini hapa pia pana mtego. Miali inayorudi hutoka katika ngozi nyembamba ya juu tu. Pete iliyolala katika udongo wenye unyevu kwa karne nyingi hupoteza fedha na shaba kutoka usoni pake, kwa sababu metali hizo huliwa upesi kuliko dhahabu. Ngozi hubaki tajiri kuliko mwili. Mpimaji asiyejua hilo ataandika karati nyingi kuliko zilizomo. Hapo ule msongamano wa maji, ambao huusoma mwili mzima, huja kuusahihisha ushahidi wa eksirei. Kila kipimo humkagua mwenzake.

Eksirei hufichua pia udanganyifu. Kadimi ni elementi iliyogunduliwa mwaka 1817, ikaja kutumiwa na masonara katika risasi ya kuungia dhahabu. Ikionekana penye maungio ya pete, basi pete hiyo imetengenezwa upya, au imetiwa kiraka, katika karne mbili hizi.

SAFARI YA KITO

Yakuti samawati za Ulaya ya Zama za Kati zilikuwa na asili mbili mashuhuri. Moja ilikuwa karibu, katika vijito vya Le Puy, katikati ya Ufaransa, ambako mawe madogo yalitolewa katika mchanga wa miamba ya volkano. Nyingine ilikuwa mbali: kisiwa ambacho Waarabu walikiita Sarandibu, na leo chaitwa Sri Lanka. Mawe ya huko yalisafirishwa katika Bahari ya Hindi kwa pepo zile zile za kusi na kaskazi zilizowaleta wafanyabiashara Kilwa, Mombasa na Mogadishu. Yakapitia Aden na Bahari ya Shamu hadi Misri, na kutoka huko yakavushwa na Waitalia hadi Ulaya. Ushahidi mmoja waonekana kwa macho: baadhi ya yakuti katika pete za Ulaya zina tundu lililotobolewa toka upande hadi upande. Tundu halina kazi katika pete. Mawe hayo yalikuwa shanga za mkufu kabla hayajafika mikononi mwa sonara aliyeyapachika.

Mawe yasiyo na tundu huulizwa kwa kemia. Yakuti za miamba ya volkano huwa na chuma na gali kwa wingi zaidi na magnesi kidogo. Zile za Sri Lanka, zilizozaliwa katika miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, huelekea kinyume. Uhusiano wa elementi hizo huwa kama lafudhi inayomtambulisha msemaji.

Mfano bora wa kazi hii ulitolewa mwaka 2000, Gaston Giuliani na wenzake walipochapisha uchunguzi wao wa zumaridi za kale. Walipima uwiano wa atomi nzito na nyepesi za oksijeni, wakitoboa tundu dogo mno lisiloonekana kwa jicho. Hereni ya Ufaransa ya zama za Warumi ilikuwa na zumaridi ya bonde la Swat, katika Pakistani ya leo. Zumaridi ya taji la Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa, aliyekuwa hai wakati mmoja na Walter de Gray, ilitoka Habachtal, nchini Austria. Kwa hereni moja, historia ya biashara ililazimika kuongeza njia ambayo hakuna hati iliyoitaja.

KWETU SISI

Tanzania ni nchi ya vito. Yakuti za bonde la Umba, katika Mkoa wa Tanga, zilianza kujulikana duniani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tanzanaiti ya Mererani iligunduliwa mwaka 1967. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi wake: ikiwa pete inayouzwa kwa jina la Zama za Kati ina jiwe la samawati lenye msongamano wa 3.35, tuseme nini? Jibu ni kwamba dhahabu yaweza kuwa ya kale, lakini jiwe halikupachikwa kabla ya mwaka 1967.

Jaribio lenyewe lafanyika darasani bila ya dhahabu. Chukua kokwa ya shaba na ushanga wa kioo, vifunge pamoja kwa uzi mwembamba, upime hewani na majini. Wape wanafunzi msongamano wa jumla, uwatake waitaje metali. Wengi watakosea. Kisha waambie ujazo wa ushanga, wahesabu tena. Watajifunza kwamba namba iliyopimwa kwa usahihi yaweza kuzaa jibu la uongo endapo swali halikupangwa sawasawa.

Na iwapo siku moja mwanafunzi ataona pete, sarafu au ushanga ukichungulia katika mchanga wa magofu ya pwani yetu, asiung'oe, asiuoshe, wala asiusugue ili kuona kama ni dhahabu. Uingereza, Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 humlazimu mwenye kuokota pete ya kale ya dhahabu kutoa taarifa. Kwetu, vitu vya kale hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Aweke alama mahali hapo, aandike kina na vitu vilivyo jirani, kisha awaarifu wahusika wa mambo ya kale au mwalimu wake. Dhahabu itangoja, imekwisha kungoja karne nyingi. Udongo unaoizunguka, ukivurugwa mara moja, haupangiki tena.